Mvua Iliyonyesha Kwingine

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisini waliniomba niseme maneno machache. Nikasema asanteni, nikakaa. Walidhani nimezidiwa na hisia. Kusema kweli nilikuwa nimechoka, soda ilikuwa ya moto, na pilau lilikuwa linapoa. Sasa niko nyumbani Kambarage, hapa Shinyanga, nimenyoosha miguu, na hakuna anayenisubiri niseme kesho itakuwaje. Basi nayaandika hapa yale ambayo siku ile sikuyasema.

Habari za vyeo na mishahara naziacha. Wenye hamu nazo waende masijala, faili langu lipo, na panya wameshalisoma nusu.

Jina langu ni Kabula. Kwetu Usukumani hilo ni jina la mtoto wa kike aliyezaliwa mvua inanyesha. Binti yangu wa kwanza alizaliwa mwaka wa ukame, mama mkwe akamwita Limi, yaani jua. Kwa hiyo mtabiri wa mvua wa ukanda huu ameitwa Mama Limi maisha yake yote ya kazi, na sijakutana na mkulima aliyeliacha jambo hilo lipite bila kutia neno.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa mbali na huku, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mimi nilikulia Kishapu, kwenye tambarare ambako kichuguu kikubwa ndicho kilima chetu. Nilipofika kule nilionyeshwa upande ulipo mlima, nikaangalia, nikaona mawingu tu. Kesho yake pia mawingu. Nikaanza kudhani wenzangu wananitania kwa sababu ni mgeni.

Aliyenipokea kazini alikuwa Mzee Shayo, mtu mfupi, mpole, aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka. Siku ya kwanza hakunipa kitabu. Alinipeleka uwanjani, kwenye kisanduku cheupe cha vipimajoto, kwenye tufe la kioo linalounguza karatasi ili tujue jua limewaka kiasi gani, kisha kwenye kipimamvua.

"Piga magoti," akaniambia.

Nikadhani anataka tusali. Nikapiga magoti na sketi yangu mpya kwenye majani yenye umande.

"Maji yanasomwa jicho likiwa sawa nayo. Ukiyasoma umesimama, utaudanganya mkoa mzima."

Ninyi sasa mna vipimo vinavyojisoma vyenyewe na kutuma namba kwenye kompyuta. Vizuri. Magoti yenu yatadumu kuliko yangu. Lakini mashine ikileta namba ya ajabu, tokeni nje mkaangalie. Mara nyingi ni nyigu amejenga ndani.

Baada ya muda Mzee Shayo aliniachia niandike mwelekeo wa hali ya hewa wa mkoa, ule wa kusomwa redioni. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba mvua inatarajiwa mabondeni na kwenye miteremko, na theluji katika maeneo ya juu ya mlima. Nilijivunia sana ile sentensi. Theluji sikuwa nimeiona hata kwa mbali.

Asubuhi hiyohiyo alikuja dirishani mpagazi mmoja, Elia, kati ya wale wanaobeba mizigo ya wageni kwenda kileleni. Alikuwa na desturi ya kupita ofisini kabla ya kupanda.

"Dada, theluji itashuka mpaka wapi?"

Nikamsomea sentensi yangu yote, kwa sauti ya redio.

Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Hiyo ni ya redio," akasema. "Mimi nauliza ya miguu yangu."

Mzee Shayo akainuka, akaangalia baridi ya alfajiri ilikuwaje, akaangalia upepo unatokea wapi, akamwambia Elia kwamba njiani hataikuta, ila kwenye kambi ya mwisho ataamka imelala chini, kwa hiyo abebe soksi kavu na mfuko wa plastiki wa kufunika viatu vyake vya raba. Elia akashukuru, akaondoka. Mzee akanigeukia.

"Sentensi yako moja ina watu wawili ndani yake. Mwenye mpunga huku bondeni akiisikia anafurahi. Huyu huko juu anaganda. Wewe ukiiandika unamfikiria nani?"

"Wote wawili, mzee."

"Haya. Basi iandike polepole."

Elia aliporudi aliniletea chupa ya chai. Alikuwa ameijaza theluji huko juu ili na mimi niione. Nilipofungua nilikuta maji matupu. Tukacheka mpaka machozi, nikayanywa. Yalikuwa baridi na hayakuwa na ladha yoyote. Huo ndio ujuzi wangu wote wa theluji, na nimeutangaza redioni kwa miaka.

Baadaye nilihamishiwa Shinyanga, nikawa karibu na nyumbani. Huku hatuna mlima wala theluji. Tuna jua, tuna vumbi, tuna mvua ya mawe mara mojamoja, watoto wakaokota barafu kwenye sufuria na mama zao wakalia bustani zimechanika. Na tuna watu wanaosubiri. Sijaona mahali watu wanapoangalia juu kama huku.

Kazi yangu ilikuwa kuandaa mwelekeo wa kanda kisha kuupeleka kwa watu wa kila aina. Madereva wa malori waliolala Isaka wakisubiri mizigo ya kwenda magharibi walinipigia kuuliza kama barabara itapitika. Mmoja alikuwa akinibembeleza niizuie mvua mpaka avuke mpakani, na nikimwambia haiko mikononi mwangu, ananijibu, "Najua mama, lakini jaribu." Shule tulizozipa vipimamvua zilituletea vipimo. Kipimamvua kimoja kilitoweka, tukakitafuta kwa barua na kwa mikutano, tukakikuta kwa mama muuza pombe wa kijijini anakitumia kupimia wateja. Aliniambia ni chombo kizuri sana, hakidanganyi mtu. Nilimwelewa.

Mkutano wangu wa kwanza na wakulima ulikuwa kijiji kimoja cha pamba na mtama. Nilisimama nikasema msimu utakuwa wa mvua za wastani hadi chini ya wastani. Mzee mmoja, Ng'wandu, akainua fimbo yake.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, ng'wanone," akanijibu, yaani mwanangu. "Wastani ndiyo mvua gani? Ya mahindi au ya mtama?"

Watu wakacheka. Mimi nikafikiri kidogo, nikasema, "Ya mtama, mzee."

"Ungeanza hapo," akasema, akakaa. Halafu akamnong'oneza jirani yake, lakini kwa sauti ya kusikika, "Tungetegemea nini, mwenyewe anaitwa mama wa jua."

Maneno yaliyonizeesha kuliko yote, hata hivyo, si wastani. Ni "baadhi ya maeneo". Mnayajua. Mvua kubwa inatarajiwa katika baadhi ya maeneo. Kila tukiyaandika tunasema kweli, na kila tukiyasema kuna mtu anaondoka bila kujua kama eneo lake limo. Nitawasimulia kisa kimoja tu juu ya maneno hayo, maana ndicho ninachoamka nacho asubuhi.

Ofisi yetu wakati ule ilihudumia pia upande wa magharibi, huko Masumbwe na kwenye machimbo ya dhahabu yanayoelekea Geita. Palikuwa na machimbo ya wachimbaji wadogo yaliyoko kwenye bonde, chini ya kilima kirefu chenye miti. Mashimo ya kushukia, ambayo wenyewe wanayaita maduara, yalikuwa yamesogeleana, na kule chini yalikuwa yametobolewa yakaungana. Ukishuka kwa mmoja unaweza ukatokea kwa jirani. Kuta walizishikiza kwa magogo. Watu walikuwa wengi, mahema ya turubai, vibanda vya chakula, mashine za kusaga mawe zikinguruma mchana kutwa.

Msimu ule ulikuwa wa mvua nyingi. Tulitoa tahadhari ya mvua kubwa kwa ukanda ule, wachimbaji wakaambiwa wakasimamisha kazi. Wakakaa juu, wakaangalia jua. Mvua ilinyesha, tena kubwa, lakini wilaya ya jirani. Tukatoa tena. Wakasimama tena, shingo upande. Ikanyesha upande wa pili wa msitu, kwao hata umande haukudondoka. Kwenye karatasi zetu tulikuwa sahihi mara zote mbili. Kwenye bonde lile tulikuwa waongo mara zote mbili.

Tahadhari ya tatu ilipotoka, nilipiga simu kwa Paschal, mwenyekiti wa wachimbaji pale. Alikuwa na duara lake mwenyewe, sehemu ya chini kabisa ya bonde.

"Mama, shikamoo. Mmeanza tena?"

"Marahaba. Safari hii mawingu yamejipanga vibaya, Paschal."

"Hata ile nyingine yalijipanga. Sisi tunakula kwa kushuka, mama. Tukikaa juu hatuli."

Akakata. Nikamwomba dereva wetu, Hamisi, tuondoke asubuhi iliyofuata. Mkuu wangu aliniuliza kazi ya mtabiri machimboni ni nini. Nikamjibu kwamba sijui, ila simu haitoshi. Hakupenda, lakini alisaini.

Barabara ilikuwa mbaya. Hamisi, ambaye hakuwa mtu wa maneno, aliniambia njiani kitu kimoja tu: "Hawa hawatakusikiliza, Mama Limi." Nikamwambia najua.

Tulifika jua limepanda, mbingu juu ya bonde ikiwa safi kama imefuliwa. Nilitamani lingekuwepo hata wingu moja la kunisaidia. Upande wa nyuma wa kilima, kwa mbali, kulikuwa na giza la buluu, lakini ukiwa bondeni hulioni, kilima kinakukinga. Tulikuwa tumeliona tukiwa barabarani.

Paschal alikusanya watu, nadhani kwa heshima tu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kifua kipana na macho mekundu ya vumbi. Pembeni yake alisimama mdogo wake, Mabula, ambaye walikuwa wakifanya kazi pamoja. Mabula alikuwa mchangamfu, alinitafutia ndoo akaigeuza nikae, akasema, "Karibu mama, usisimame na jua la kwako mwenyewe." Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka.

Nikawaeleza. Nilijitahidi nisitumie maneno ya redio. Nilisema kuna mvua nzito leo au kesho upande huu, naomba msishuke mpaka ipite.

Paschal alinisikiliza, mikono kiunoni.

"Itanyesha hapa?" akauliza. Akakanyaga chini kwa buti lake. "Hapa nilipokanyaga. Sema ndiyo au hapana."

Hata mashine moja ya karibu ilizimwa ili watu wasikie.

Nimewahi kuulizwa maswali mengi na watu wengi wakubwa, lakini swali zito kama lile sikuwahi. Nilijua nikisema ndiyo, baadhi yao wataacha kushuka. Nilijua pia kwamba sijui. Ningesema ndiyo na isinyeshe, basi asingesikilizwa tena mtu yeyote kutoka ofisi yetu, si mimi wala atakayekuja baada yangu.

"Hapa ulipokanyaga, sijui," nikasema. "Najua ni upande huu."

"Upande huu," Paschal akarudia, akiwageukia wenzake. "Mnasikia? Upande huu."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa amechoka kama mimi. Watu wakaanza kutawanyika, mashine ikawashwa. Mabula alivaa taa yake ya kichwani, akanipungia mkono, akamfuata kaka yake kwenye duara lao.

Aliyebaki alikuwa mwanamke mmoja, Mama Regina, mjane, mwenye duara sehemu ya juu kidogo ya bonde na kibanda cha chakula kando yake. Vijana wake aliwapikia mwenyewe. Alikuwa akisonga ugali wakati wote wa mkutano, nikadhani hasikilizi. Akanikaribisha benchi lake, akanipakulia ugali na dagaa.

"Mayu," akaniambia, yaani mama, akiwa bado ameshika mwiko, "yule ameuliza mvua. Mimi nakuuliza maji. Yakija, yatatokea wapi?"

Nilinyanyuka na sahani mkononi. Nikaangalia kilima. Kulikuwa na korongo kavu likishuka kutoka juu, limepinda nyuma ya mahema, halafu limezibwa na vifusi vya wachimbaji, miaka na miaka ya mawe waliyoyatupa. Maji yakishuka pale yasingekuwa na pa kupita isipokuwa kwenye maduara.

"Kule," nikasema, nikaonyesha kwa kijiko.

"Hata kama hapa hakuna mvua?"

"Hata kama hapa kuna jua."

Mama Regina aliweka mwiko, akaenda kwenye duara lake, akavuta kamba mara kadhaa, namna ya kuwaita watu wake. Wakapanda mmoja mmoja wakilalamika. "Chakula tayari," akawaambia. "Na leo hakuna kushuka tena." Kijana mmoja akauliza sababu. "Sababu nimesema mimi." Watu wa maduara mawili ya jirani, walipowaona wa Mama Regina wametoka, nao wakatoka. Mimi nilishuka tena mpaka kwa Paschal. Yeye alikuwa juu, anaendesha kamba, Mabula na wenzake walikuwa chini. Nikamweleza habari ya korongo.

Aliangalia korongo, akaangalia mbingu. Nilimwona akiwaza, nawahakikishia. Hakuwa mpumbavu.

"Wamefika kwenye mwamba mzuri," akasema. "Wakimaliza zamu hii nawatoa. Nakuahidi, mama."

Zamu ile haikuisha. Nilikuwa nimerudi kwenye benchi. Jua lilikuwa linawaka, kivuli cha kibanda kimekaa sawasawa. Hamisi ndiye aliyesikia kwanza. Alisema kuna lori kubwa linakuja. Hapakuwa na barabara upande ule.

Maji yalitokea kwenye kona ya korongo yakiwa ya rangi ya udongo, yamebeba majani, magogo na povu, na hayakuwa na haraka kama watu wanavyodhani. Yalikuja kama mtu anayejua anakokwenda. Yalifika kwenye vifusi, yakajaa, yakavimba, halafu vifusi vikaachia.

Watu walikimbia. Paschal hakukimbia. Alibaki kwenye kamba akivuta na kuita, maji yakiwa magotini mwake, na wenzake wawili walitoka, mmoja ameparama mwenyewe kwa kucha kwenye magogo. Paschal alikuwa anaita jina la Mabula. Hamisi, yule asiyekuwa na maneno, aliruka akaenda kumsaidia, na mwisho ndiye aliyemkumbatia kwa nyuma akamtoa pale, maana ukingo wa duara ulikuwa unamegeka. Maduara yote ya chini yalijaa kwa muda mfupi. Lile la Mama Regina lilijaa pia, maana kule ndani yalikuwa yameungana. Halikuwa na mtu.

Bondeni pale hakukudondoka hata tone la mvua siku hiyo. Ilikuwa imenyesha kwingine, nyuma ya kilima.

Walileta pampu kutoka machimbo ya jirani, wakavuta maji siku kadhaa mpaka wakampata Mabula. Alikuwa peke yake. Mkewe alikuja na mtoto mgongoni, akakaa chini bila kulia, Mama Regina akakaa naye. Mimi sikuwa na la kufanya pale, lakini niliona si vizuri kuondoka. Nilisaidia kuchota maji ya kupikia. Tulipomzika nilisimama nyuma kabisa, na nilipofika nyumbani Shinyanga nililala na viatu.

Ofisini waliandika taarifa. Ilisema tahadhari ilitolewa kwa wakati. Ni kweli, ilitolewa kwa wakati.

Miezi ikapita. Siku moja nikaambiwa kuna mgeni wangu mapokezi. Nikamkuta Paschal amekaa kwenye benchi, amevaa shati safi, amekonda. Nilijua amefuata nini, au nilidhani najua. Nikamkaribisha ndani, nikafunga mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Paschal. Pole tena."

Nje kulikuwa na mbuzi wa jirani ameingia uwanjani kwetu, anakula majani chini ya kipimamvua, na sote wawili tulimwangalia.

"Ungesema ndiyo," akasema, "ningewatoa. Siku ile nilipokuuliza."

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu hapakunyesha, Paschal. Pale ulipokanyaga hapakunyesha."

Alitikisa kichwa polepole. Nilidhani atapandisha sauti, na ningemwacha aipandishe. Akainama akashika uso. "Nilimwambia mke wa Mabula nitamtoa akimaliza zamu," akasema akiwa ameuziba uso kwa mikono. "Na wewe nilikuahidi."

Sikumwambia kwamba hakuwa na kosa. Maneno ya namna ile hayamfikii mtu. Nilikaa naye. Nikamletea maji. Mpaka leo nikiulizwa kama ilinipasa niseme ndiyo, sina jibu jipya. Nimelizungusha swali lile miaka mingi na linatua palepale: nilisema nilichokijua. Linatua, lakini halikai.

Alipotulia akasema kilichomleta.

"Kile chombo cha kupimia mvua. Mnavyo?"

"Vipo. Unataka kufanya nini?"

"Nataka kukiweka juu ya kilima. Nyuma, kule inakonyesha."

"Nani atakisoma?"

"Mimi. Siwezi kushuka tena, mama. Nikiweka mguu kwenye kamba mwili unakataa. Nitalima huko juu. Ikinyesha nitapiga simu kule bondeni, watu wapande. Wewe unifundishe tu."

Nilimfundisha asubuhi ileile, uwanjani. Tulimfukuza mbuzi kwanza. Nilimwambia apige magoti, akapiga bila kuuliza.

Haikuwa rahisi kama ninavyoisimulia. Mkuu wangu alitaka barua, wilaya ikataka barua nyingine, na wachimbaji wenyewe mwanzoni walimkejeli. Mtandao wa simu kule kilimani ulipatikana kwenye jiwe moja tu, ikabidi asimame juu yake. Mara ya kwanza kupiga ilikuwa manyunyu, watu wakapanda bure, wakamtukana. Mara ya pili pia. Alinipigia akiwa amevunjika moyo.

"Mama Limi, wananiita mwongo."

"Karibu kazini," nikamwambia.

Nilikwenda tena bondeni, safari hii tukakaa na Mama Regina na wenye maduara wengine, tukakubaliana kiasi: maji yakifika alama fulani kwenye kipimo, Paschal atapiga, yakiwa chini ya hapo, atanyamaza. Hakuna "baadhi ya maeneo". Mama Regina alisema atakayekataa kupanda simu ikipigwa asije kula kwake. Nadhani hilo ndilo lililowashawishi.

Msimu mmoja baada ya hapo nilikuwa mezani, naandika mwelekeo wa juma, simu ikalia. Ilikuwa Paschal, upepo ukimvumia mdomoni.

"Imevuka alama, mama. Inamwagika huku. Nimeshawapigia bondeni."

"Wamepanda?"

"Mama Regina anawahesabu."

Niliweka kalamu. Sikuweza kuandika kitu. Wenzangu waliniuliza nina nini, nikasema nasubiri. Ilipolia tena alikuwa Mama Regina mwenyewe, anapiga kelele kuushinda mvumo wa maji. Maduara yalikuwa yanajaa, alisema, yote, mahema mawili yameondoka, sufuria yake kubwa pia imekwenda na maji. "Watu je?" nikamuuliza. "Wote wako hapa wamenizunguka," akasema, "wananiangalia kama kuku." Halafu akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akalia.

Hakuna gazeti lililoandika habari ile. Mwandishi mmoja nilimpigia, akaniuliza wamekufa wangapi. Nikamwambia hakuna. Akasema asante, mama, akakata.

Kazi yenu inaendelea, vijana, na sina wosia mkubwa. Mashine zenu ni bora kuliko zetu na mawingu mnayaona kabla hayajazaliwa. Mtakuwa sahihi mara nyingi, na mara nyingi watu watawaona waongo, na mtachoka. Mkichoka pumzikeni, halafu mtoke mkawatazame watu wanaowasikiliza, mahali walipokanyaga.

Nilipostaafu nilimwambia Paschal kwamba simu yangu sasa ni ya nyumbani tu, nikampa namba ya ofisi, nikamtajia jina la binti aliyechukua meza yangu. Aliiandika, akasoma tena ili nisikie. Juma lililopita nilikuwa nachambua mchele, Limi na wanawe wamekuja kunitembelea, simu ikalia.

"Mama, shikamoo. Imeanza huku juu."

"Marahaba. Paschal, si nilikuambia uwapigie ofisini?"

"Nimeshawapigia. Wamepokea vizuri, na bondeni watu wameshapanda."

"Sasa mimi unanipigia nini, baba?"

"Nakujulisha tu," akasema. "Ni kubwa. Isikilize."

Akaishika simu mbali na mdomo wake. Nikasukuma pembeni ungo wa mchele, nikawaonyesha wajukuu kwa kidole wanyamaze, nikasikiliza.